Hema la Miche

Jumatano ya tarehe tisa Machi, saa kumi na dakika ishirini alasiri, rafiki yangu fundi saa alichoshwa kabisa na hema la marehemu mkewe.

Lilikuwa hema la turubai la kukuzia miche, lenye taa na feni ndani, limesimama katika chumba cha wageni. Marehemu alipanda humo pilipili hoho wiki moja kabla ya kufariki, na zikifa hizo, hakuna kingine kitakachobaki kilichoota kwa mkono wake. Fundi akipunguza unyevu, majani yananyauka. Akiongeza mbolea ya maji, ncha zinaungua.

"Shemeji, saa unazifufua, miche imekushinda?" mdogo wa marehemu alimtania.

"Saa hazina mizizi ya kuoza," akajibu kwa hasira.

Wakaihamishia miche yote sebuleni ili hema likauke. Fundi akazima taa na feni, akafunga zipu. Ndani kukawa giza, chumba kikanyamaza. Kilichobaki kikiwaka ni kipimo cha hewa ya kaboni, kilichoning'inia nje huku waya wake ukiingia hemani.

Kilionyesha mia nne na ishirini, hewa ya kawaida. Kisha mia tano. Kisha mia saba.

"Nacho kimeharibika," fundi akasema.

"Hapana, shemeji. Hupanda hivyo mtu akiwa ndani, kwa pumzi zake. Dada alipojifungia humo kuongea na miche, kilipanda hivyo hivyo."

Fundi akaweka sikio kwenye turubai. Hakusikia sauti, ila turubai lilimgusa shavu taratibu, likarudi nyuma, likamgusa tena.

Kipimo kilifika mia tisa. Mola amrehemu mama yule, amlaze penye nafasi na nuru.