Mrututu kwenye Nyanya za Tumpe

Je, umewahi kununa kwa sababu tu mwenzako ameitwa kwanza? Tumpe wa Uyole alinuna hivyo muhula mzima.

Kila asubuhi kabla ya shule, yeye na Frida, binamu yake aliyehamia kwao kutoka Idodi, walimwagilia nyanya, kila mmoja tuta lake. Zamani Bibi akipika chai alikuwa akimwita Tumpe aonje kama sukari imekolea. Siku hizi aliita, "Frida, njoo uonje." Na nyanya za Frida, kana kwamba nazo zimesikia, zikazidi kunawiri.

Bibi alikuwa na mrututu, ile dawa ya buluu ya kuzuia ukungu. Aliuchanganya na chokaa kwenye ndoo ya plastiki, akanyunyizia majani tu. Tumpe akawaza: kama kidogo kinatibu, kingi si kitanenepesha? Jumamosi, Bibi na Frida walipokwenda sokoni, akachota vijiko vitano, akakoroga bila chokaa, akamwaga kwenye mashina ya nyanya zake.

Baada ya wiki mbili nyanya zake zilidumaa, majani yakawa ya manjano. Tumpe akamwambia Bibi kwamba Frida ndiye aliyezimwagia kitu kibaya. Frida alilia, kisha akaanza kufungasha nguo zake arudi Idodi.

Bibi akamwita bwana shamba Sedekia. Yeye aling'oa mche mmoja, akawaonyesha mizizi mifupi, ya kahawia. Akasema huo ni mrututu uliomwagwa shinani; ndani yake mna shaba, na mmea huhitaji shaba chembe tu. Madini hayana tabia moja, akaeleza. Ya chokaa hushika mzizi kwa ulegevu, lakini shaba ikiyeyuka majini hung'ang'ania kama kupe, mzizi ukashindwa kurefuka. Chokaa ndiyo huizuia isiyeyuke yote kwa mkupuo.

"Huyu aliyemwaga hakuweka chokaa," alisema. "Ni nani?"

Tumpe alilitazama begi la Frida pale mlangoni.

"Ni mimi."

Bibi hakumpiga. Alimtaka amwombe Frida radhi, naye akamwomba. Wakauondoa udongo ule, wakajaza mwingine wenye samadi, na Frida akamgawia miche sita.

"Wivu ulikufanya uharibu chako, kisha umsingizie mwenzako," Bibi alimwambia. "Jambo likikuuma, mjukuu wangu, liseme mapema. Haya, ulikuwa unataka nini?"

Tumpe alikunjakunja pindo la sketi yake.

"Nilitaka uniite na mimi, Bibi. Nionje chai."