Kwa Nini Shukri Hakunenepa

Haya nilisimuliwa na habaryar Rukiyo, mdogo wa mama yangu, mwaka wa 1956, tukisuka mikeka ya nyumba. Yalimpata yeye mwenyewe huko Kotile, miaka minne nyuma.

Rukiyo alikuwa na binti mmoja, Shukri, wa miaka mitatu. Shukri aliharisha siku kumi. Kuharisha kulipokoma alikula vizuri, lakini hakunenepa. Mbavu zikahesabika. Akaacha kutembea. Rukiyo alikuwa amezika watoto wawili, na dalili alizijua.

Mama mkwe wake, Dahabo, alisema, "Uchafu umebaki tumboni. Lazima utoke."

Basi kila Ijumaa alimnywesha mtoto mchuzi wa mafuta mengi na dawa ya mizizi. Mtoto akaharisha kutwa. Ijumaa ya nne Warfa, baba yake Shukri, alichinja mbuzi kwa ajili ya mchuzi huo. Rukiyo na Dahabo wakaketi nje kuosha matumbo.

Akapita Bonaya, dresa wa serikali, kumfunga Warfa kidonda cha mguu. Akamwona Shukri mkekani.

"Huyu mnampa nini?"

Dahabo akamweleza.

"Mama, msimpe tena. Atakufa."

"Warya! Kazi yako ni vidonda. Mimi nimelea tisa."

"Na mimi nimelelewa na mama mkali kama wewe. Nipe huo utumbo mwembamba."

Akaupasua kwa kisu, akautandaza ndani ya bakuli la maji.

"Gusa ndani."

Dahabo akagusa. "Laini. Kama mahameli."

"Ni vinyweleo vidogo sana, maelfu. Chakula kikitoka tumboni kinaingia hapa. Kinachanganyika na nyongo na maji mengine ya mwili, kinalainika, kinakuwa chembechembe usizoweza kuziona. Hapo vinyweleo vinakinywa. Unaona mishipa hii kwenye utando? Inakipeleka kwenye ini, kisha damu inaugawia mwili wote. Mtoto ananenepa kwa kile kilichovuka ukuta huu."

Rukiyo akauliza, "Shukri anakula. Mbona hakivuki?"

"Kuharisha kuliviumiza vinyweleo. Vitaota tena, ila vinataka siku na chakula. Ninyi kila Ijumaa mnakifukuza chakula. Mama, ngamia wakifika kisimani ukawapiga fimbo wapite mbio, watakunywa?"

Dahabo akasema, "Hawanywi. Watakufa na maji wameyaona."

"Basi. Mpeni kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Uji mwepesi, maziwa ya ngamia yaliyochacha, nyama iliyopondwa. Maji ya kunywa yachemsheni."

"Na mafuta yangu haya?"

"Warfa apake viatu."

"Mtoto akinifia, nitakufuata mpaka Garissa kwa miguu."

"Njoo. Nitakupikia chai."

Wiki mbili za kwanza hakuna kilichobadilika. Mara mbili Dahabo aliitafuta mizizi yake asiione, kwa maana Rukiyo alikuwa ameitupa. Wiki ya tatu Shukri alisimama. Ya tano akawa anakimbiza vitoto vya mbuzi.

Adhuhuri moja akamvuta bibi yake nguo. "Ayeyo, maziwa."

Akanywa, akataka tena.

"Ngoja," Dahabo akamwambia. "Kidogo kidogo, hukusikia?"

Shukri akanuna, akajilaza, akalala. Rukiyo akalala kando yake. Dahabo akabaki anawafukuza nzi, huku akilipapasa shavu la mtoto lililoanza kujaa, mpaka mkono ukalegea, kichwa kikainama, naye akalala.