Swali la Tisa

"Hili la tisa litoe," meneja wa kampeni aliniambia, akigonga karatasi kwa kidole. "Baki na la nane."

Nilimtazama kama mtu ambaye hakusikia, kumbe nilimsikia vizuri sana. Ripoti ya maoni ya wapiga kura ilikuwa imefika asubuhi ileile. Swali la nane liliuliza kama mtu anataka serikali ipunguzwe: wizara chache, ofisi chache, wakubwa wachache. Watu sita katika kila kumi walisema ndiyo. Swali la tisa likauliza kama wanakubali posho za wazee, misaada ya walemavu na kadi za matibabu ya umma zipunguzwe. Hapo wanane katika kumi walisema hapana. Na wengi wao walikuwa walewale waliosema ndiyo kwenye la nane.

Shida ni kwamba mgombea wetu alikuwa akiyahubiri yote mawili kwa pumzi moja.

"Andika kwamba wananchi wamekubali kupunguza, mambo yaishe," meneja akaendelea. "Na jina la msimamizi wa utafiti libaki pale chini. Watu wanamwamini. Si ni mchumba wako? Mweleze."

"Atakataa."

"Basi usimweleze."

Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika hotuba na taarifa zote za kampeni. Na huyo msimamizi, pale ofisini tulimpa jina la Dodoso, maana hakuwahi kuingia mlangoni bila fungu la madodoso kwapani, zile fomu za maswali wanazopita nazo nyumba kwa nyumba. Nilikutana naye kwenye kikao cha kuandaa utafiti wa kwanza wa kampeni, mwaka mmoja kabla. Nilikuwa nimetunga swali, nikajiona fundi: "Je, umechoka kulisha serikali kubwa isiyofanya kazi?" Alilisoma kwa sauti, akaweka kalamu chini, akasema kwa adabu kabisa kwamba hilo si swali, ni mkono unaomvuta mtu shati. Kikao kizima kilicheka. Nilicheka na mimi, masikio yakiwaka moto. Walipotawanyika nilimfuata kwenye ngazi, nikamwambia nimekubali yaishe, sasa anifundishe kuuliza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mwaka haukuisha nikawa nimemvisha pete.

Kama hujawahi kumwona mtu anayeipenda kazi yake, ungemwona yeye. Alikuwa na wahoji kumi na wawili chini yake. Siku moja aligundua mmoja amejaza fomu saba akiwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi, bila kubisha hodi popote. Hakumfokea. Alizichana zile fomu, akamshika mkono, wakazunguka nyumba zote saba pamoja, mvua ikiwanyeshea. Watu walimtukana, wengine walimfungia mlango puani. Dodoso alisema asante, akaenda mlango unaofuata. Na hata ungemwekea taa usoni, usingejua yeye mwenyewe anaunga mkono upande gani. Nyusi zake hazikupanda wala kushuka.

Hilo lilikuwa gumu kuliko watu walivyodhani, kwa sababu ya baba yake.

Mtaani walimwita Mzee Lifti. Kwa miaka thelathini alitengeneza lifti za majengo ya wizara. Sasa figo zake zilikuwa zimegoma, na mara mbili kwa wiki alilazwa hospitali kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa ile kadi ya umma. Nilimpeleka mwenyewe mara nyingi, yeye akikaa kiti cha mbele amevaa kofia ya kampeni yetu. Ndiyo, yetu. Mzee alikuwa mfuasi wa mgombea wetu damu damu.

"Nimepanda na kushuka na wakubwa maisha yangu yote," aliwahi kuniambia. "Ghorofa ya sita ile ungeifunga leo, hakuna mgonjwa hata mmoja angejua."

Nilipomuuliza habari ya kadi, alinitazama kama nimemtukania marehemu. Akasema kadi si serikali. Serikali ni ile inayompandisha mtu ghorofani kutafuta muhuri. Kadi ni jasho lake, alilokatwa kila mwezi angali na nguvu zake.

Kwa hiyo nilijua. Nilijua lile swali la tisa limebeba nini, na nilijua nani amelala juu yake. Bado nilikaa, nikaandika: wapiga kura sita katika kumi wanaunga mkono serikali ndogo na kupunguzwa kwa misaada ya umma, kwa mujibu wa utafiti uliosimamiwa na fulani. Nikaliandika jina lake kamili, lile ambalo lingesomwa siku ya ndoa yetu. Nikatuma.

Kesho yake ilikuwa siku ya Mzee kwenye mashine. Dodoso alikuwa amekaa kando ya kitanda akimmenyea chungwa baba wa mgonjwa jirani, maana mikono ya yule ilikuwa inatetemeka. Redio ya wodi ikasoma taarifa yangu, na mwishoni ikalitaja jina lake. Wagonjwa wote waliokuwa kwenye mashine wakageuza vichwa. Mshonaji mmoja, mama wa makamo aliyezoeana naye, akamuuliza polepole kama ndivyo watu walivyomwambia. Akajibu hapana. Kisha akatoka kwenye korido, akanipigia.

"Uliandika wewe?"

"Nisikilize kwanza, mpenzi."

"Nimeuliza kama uliandika wewe."

"Ndiyo."

"Na jina langu uliliweka wewe."

"Meneja alisema..."

"Sijauliza meneja alisema nini."

Kwa mbali nilisikia zile mashine zikilia ti, ti, ti.

"Baba ameisikia," akasema. "Usije."

Jioni ukaingia ujumbe: "Pete nimeiacha kwa dada yako. Sitaki ugomvi na mtu. Nitasahihisha kilicho na jina langu, basi."

Nilipiga, hakupokea. Niliandika ujumbe mrefu kama hotuba, nikaufuta, nikaandika mwingine. Dada yangu, ambaye siku zote huwa upande wangu hata nikikosea, safari hii aliniwekea pete mezani akarudi jikoni.

Mambo aliyoyafanya baada ya hapo niliyajua baadaye. Alikwenda kwa mkurugenzi wake, akaomba ripoti itolewe nzima. Mkurugenzi akamwambia mteja ni mteja, asubiri uchaguzi upite. Akamshukuru, akaandika barua ya kujiuzulu palepale kwenye meza ya katibu, akaenda kituo cha redio na daftari moja tu. Hakuna majina ndani yake, wala nyumba. Siri za watu waliomjibu aliziacha kabatini zilipokuwa. Daftarini mlikuwa na yale maswali na hesabu ya majibu tu.

Saa saba mchana tulikuwa ofisini, redio imewashwa, wali umepoa kwenye sahani. Sauti yake ikaingia. Alisoma swali la nane na majibu yake. Akasoma la tisa na majibu yake, kwa sauti ileile, bila kuongeza chumvi. Akasema watu waliulizwa mambo mawili wakajibu mawili, na aliyechukua jibu la kwanza akalivalisha la pili hakuwatendea haki.

Mtangazaji alitaka moto. Akamuuliza kama mgombea ni mwongo.

"Sijui mgombea anajua nini," alisema. "Mimi najua walichosema watu. Wanaotaka serikali ndogo ni wengi, na ni kweli wanaitaka. Asije mtu kesho akasema sikusoma hilo."

"Na wewe mwenyewe, dada, unataka ipi?"

"Mimi ni mmoja. Nitajibu kwenye sanduku la kura."

Mpaka leo sijui alimpigia nani.

"Basi tuambie, nani aliyeandika ile taarifa?"

Meneja aliniangalia. Dodoso angenitaja, ningestahili. Nilijua pia kwamba kunitaja kungemsafisha yeye kabisa.

"Aliyeandika ana mdomo wake," akasema. "Akitaka atasema."

Nimesoma na kuandika maneno mengi ya ujasiri maishani, mengi nikiwaandikia watu wasiokuwa nao. Yale hayakuwa hata na ukali. Mtu alikuwa amepoteza kazi, amepoteza mchumba, jina lake limepakwa tope, na bado alikataa kunitupa mimi kwenye tope hilo ili yeye apande juu. Nilisimama. Meneja akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia ninakwenda kusema.

Nilifika kituoni ameshaondoka. Wakanipa dakika tatu, nikatumia moja. Nilisema taarifa niliiandika mimi, swali la tisa nililitoa mimi, na jina la yule dada nililiweka bila ruhusa yake, nikijua angekataa. Kabla sijafika barabarani simu ikalia. Meneja: "Usirudi."

Ya pili ilikuwa ya mgombea mwenyewe. Alikuwa mkuu wa shule kabla ya siasa, na bado tulimwita Mwalimu. Alitaka ripoti nzima, niipeleke nyumbani kwake. Aliisoma amesimama, miwani kwenye ncha ya pua, kama anasahihisha mtihani. Kumbe swali la tisa hakuwahi kuonyeshwa.

"Hawa waliosema ndiyo huku na hapana kule," akaniuliza, "hawakuelewa swali?"

"Walielewa, Mwalimu. Sisi ndio hatukuelewa jibu."

Nikamsimulia habari ya mzee mmoja na ghorofa ya sita. Alicheka, halafu akaacha kucheka, akaketi.

Mkutano wake uliofuata aliyasoma maswali yote mawili mbele ya umati. Akasema bado anaamini serikali imenenepa na ataanza na ofisi, lakini kadi na posho hatazigusa kabla ya kukaa na wanaozitumia. Baadhi ya wafuasi wake walinuna, wakasema ametishwa na wazee. Wapinzani wakasema amechelewa. Alishinda, kwa kura kiduchu, na mpaka sasa watu wanabishana vijiweni ni swali lipi lililompa ushindi. Alinitumia mtu anirudishe kazini. Nilishukuru, nikakataa. Nilikuwa nimeshapata nafasi kwa mchapishaji wa vitabu vya shule, kusahihisha maswali ya mwisho wa sura.

Siku chache baada ya uchaguzi ndipo ulipoingia ujumbe kutoka namba niliyokuwa nikiitazama kila asubuhi: "Baba anataka kukuona. Njoo Jumamosi saa nne. Usilete maelezo marefu."

Nilimkuta Mzee Lifti sebuleni, shali mabegani, amepungua. Nilimsalimu shikamoo nikiwa bado mlangoni. Aliitikia, akaniacha nisimame kidogo.

"Uliogopa nini?" akauliza.

"Kupoteza kazi, baba."

"Umeipoteza?"

"Nimeipoteza."

"Na ulipopita kule redioni hukutumwa na mtu?"

"Sikutumwa."

Akanionyesha kiti. Akaniambia kilichomuuma si kadi. Kadi angeipigania mwenyewe, ana mdomo. Kilimuuma kwamba binti yake alimlea asiseme uongo hata wa kumfurahisha mgeni, halafu mtu wa nyumbani akamsemesha uongo mji mzima ukisikia. Nikasema ni kweli. Akaguna, akaita kuelekea ndani kwamba mgeni amefika, kisha akainuka kwa taabu akatuachia sebule. Aliponipita alinigusa bega.

Dodoso alikaa mbali nami, upande wa dirisha.

"Sikukasirika kwa ajili ya siasa," alisema. "Ungesimama jukwaani ukasema kadi zifutwe, tungebishana, tungekula, tungelala."

"Najua."

"Hujui. Ulijua nitakataa, ndiyo maana hukuniuliza. Nikajiona nimekaa miaka hamsini na mtu anayejua jibu langu na kulipita kama hajaliona."

"Nisamehe," nikasema. Nilikuwa nimetunga mengi zaidi njiani. Yote yalikimbia, likabaki hilo.

Akasema ameshasamehe tangu siku ile redioni. Kuolewa ni jambo jingine.

"Basi nakuuliza sasa," nikasema. "Unataka tuoane, au hutaki? Lolote utakalojibu, nitakwenda nalo."

"Sijui."

"Nikuulize tena lini?"

"Jumamosi ijayo."

Nikarudi Jumamosi iliyofuata. Sijui. Iliyofuata tena akaniambia anaelekea ndiyo lakini hajafika, nisimharakishe. Sikumsukuma. Nilimpeleka baba yake kwenye mashine, nikamsikiliza akiwapunguza mawaziri mmoja baada ya mwingine, na mshonaji wa kitanda cha pili akanisamehe kabla ya mchumba wangu.

Jumamosi ya nne nilimkuta ametandaza madodoso mezani. Alikuwa ameanzisha ofisi yake mwenyewe, yeye na wahoji watatu waliomfuata, yule wa kwa kinyozi akiwemo. Nikamuuliza kama nilivyomuuliza siku zote.

"Ndiyo," akasema.

Nikamwambia kama ni kwa kunionea huruma, ninaweza kungoja hata mwaka.

Akainua macho kutoka kwenye karatasi zake, akanitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya wodini.

"Nimejibu," akasema. "Usilibadilishe."