Aliyekaribishwa Chakula Kisiwani

Haya yalimpata mama yangu mdogo, Nthambi. Ukiniona nimekasirika nikiyasimulia, ujue nimejikasirikia mwenyewe.

Jumamosi hiyo nilitoka kwangu Kinanie asubuhi na mapema, nimebeba unga, sukari na mafuta ya kupikia. Jua lilikuwa zuri. Huko Kivaa watu walikuwa mashambani wakichuma ndengu, wakinisalimia kwa mbali.

Mama Nthambi alikuwa mlinzi wa kisiwa kidogo ndani ya bwawa la Masinga. Zamani kilikuwa kilima. Maji yalipopanda, kilele kikabaki peke yake pamoja na ithembo, kile kichaka cha mikuyu ambamo wazee walikuwa wakitambikia. Siku hizi ni eneo la hifadhi, huruhusiwi kukata hata kijiti. Alikuwa akivushwa kila Jumatatu na kurudishwa Jumamosi. Mjane asiye na mtoto, wa kuongea naye ni ndege tu.

Ndiye aliyenilea, na nilikuwa sijamwona kwa miezi minane. Nilisingizia kazi. Uongo mtupu. Hata siku hiyo nisingeenda, ila Mwanzia, mwenye mashua, alinipigia simu kuwa Jumamosi mbili mfululizo mama amekataa kutoka kisiwani.

Tulipofika, Mwanzia hakushuka.

"Mchukue uende na yeye kwako," alisema. "Leo, Muema. Si kesho."

Ilikuwa saa sita mchana. Nilimkuta mama mlangoni pa kibanda chake cha mabati, amekonda. Alinikumbatia kwa muda mrefu. Nilipotaka kukalia kiti cha plastiki, akanivuta mkono.

"Hapo kuna mtu. Kaa kwa ndoo."

Alipakua isyo, yaani mahindi na maharagwe, ya moto. Sahani yangu. Sahani yake. Halafu ya tatu, akaiweka juu ya kile kiti, na kijiko.

"Ya nani?"

"Punguza sauti."

Kwetu, kabla ya kula, wako wanaodondosha chakula kidogo chini kwa ajili ya aimu, wale waliotutangulia. Unadondosha, unaendelea na shughuli zako. Humwiti mtu. Humwekei kiti. Mama alifanya hivyo mwaka mzima, kama alivyofundishwa. Kisha mvua ikanyesha siku nne, Jumamosi ikapita mashua haikuja, hakusikia sauti ya binadamu. Upweke ukamzidi. Akajaza sahani, akaandaa kiti.

"Nikasema, kuja tukule," alininong'oneza.

"Na akakuja?"

"Akakuja."

"Ni mzee wako?"

"Si yeye. Mzee wangu namjua." Alikitazama kiti. "Sikumuuliza jina. Alikuwa na njaa."

Nilicheka. Kweli nilicheka, mjinga mimi. Kisha nikaitazama ile sahani. Ilikuwa imefika nusu. Sikuona mkono. Sikusikia kitu. Nilipopepesa macho, kijiko kilikuwa kimegeukia upande wa pili. Punde ikaanguka punje moja ya hindi sakafuni. Ilikuwa imetafunwa.

"Twende," nikanong'ona. "Twende kwangu. Sasa hivi."

Machozi yakamlengalenga. "Umechelewa, mwana wakwa."

Hata hivyo alisimama, akajifunga leso. Tulishuka hadi majini bila kugeuka. Nilipanda mashua kwanza, nikamshika mkono. Mwanzia akawasha injini. Mama akatia mguu mmoja ndani ya mashua.

Huko juu, kibandani, kijiko kiligonga sahani.

Mara moja.

Kikanyamaza. Kikagonga tena, polepole.

Mwanzia alifanya ishara ya msalaba. Mama akatoa mguu.

"Mama, acha!"

"Sasa atakula na nani?" Alisema kwa huruma, si kwa woga, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. "Mimi najua vile kukula peke yako iko."

Akauchomoa mkono wake. Ningeweza kuruka nimfuate. Sikuruka. Niliogopa, nikakaa kwenye mashua nikimtazama mwanamke aliyenilea akipanda kilima peke yake.

Kesho yake tulirudi watu saba, pamoja na katekista. Tulimwita hadi sauti zikakauka. Kandambili zake zilikuwa mlangoni. Yeye hatujampata hadi leo.

Njia ya kwenda kwenye ithembo ni ya mchanga laini, na alikuwa ameifagia. Nyayo zake zilikuwepo, za miguu mitupu, zikienda, hazirudi. Njia inatosha watu wawili, lakini alikuwa amepita ukingoni kabisa, akikanyaga miiba. Mahali pawili alikuwa amesimama na kugeuka, vidole vya miguu vikielekea katikati ya njia, kama anayeongea na mtu.

Pale katikati, mistari ya ufagio ilikuwa haijaguswa.