Siku Kumi za Ukurasa wa Nne

Kazi ya Mama Pacha ilikuwa kupiga pasi mashuka ya hoteli. Haikuwa pasi ya mkono kama ya nyumbani. Ilikuwa mashine ndefu yenye roli za moto zinazozunguka. Watu wawili waliingiza shuka upande huu, wawili wakalipokea upande ule. Mwenzake wa kuingiza alikuwa mwanamke mwembamba waliyemwita Kijiti. Kiwanda chao cha kufulia kilikuwa chini ya jengo, hakina hata dirisha. Mvuke ulijaa humo kutwa nzima.

"Sisi tunapikwa, mwenzangu," Kijiti alizoea kusema. "Bado kupakuliwa tu."

Mama Pacha alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne ugenini. Mume wake alifariki pacha wao wakiwa na miaka miwili. Aliwaacha watoto kwa mama yake, akaenda kutafuta. Kila siku ya mapumziko aliwapigia simu. Pacha waligombania kuongea. Bibi yao aliwafukuza, kisha akauliza swali lake.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

Hapo Mama Pacha alilazimika kutunga.

Mkataba wake wa kazi aliusaini akiwa amesimama kwenye foleni, ofisini kwa wakala. Ulikuwa na kurasa sita. Wakala alimfunulia ukurasa wa mwisho tu. "Saini hapa, mama, wenzako wanasubiri." Alisaini. Hakupewa nakala. Siku aliyofika ugenini, msimamizi wa kiwanda alikusanya pasipoti za wafanyakazi wote. Alisema anawahifadhia zisipotee. Akazifungia kwenye kabati la chuma. Hakuna aliyeuliza. Mgeni aulize nini?

Siku moja, saa ya chakula cha mchana, kaka yake alipiga simu. Kaka hakuwa mtu wa kupiga siku za kazi.

"Mdogo wangu, mama hali yake si nzuri. Ni moyo. Tumemlaza hospitali."

"Tangu lini?"

"Juzi. Alitukataza tusikwambie. Lakini leo amekuita mara tatu. Kama unaweza, njoo."

Mama Pacha alipanda ngazi mbiombio, aproni ikiwa bado imelowa. Msimamizi alikuwa anakunywa chai.

"Bosi, mama yangu anaumwa sana. Naomba likizo, hata ya siku chache."

"Likizo ni baada ya miaka miwili. Mkataba ndivyo unavyosema."

"Naomba niuone."

"Uliusaini mwenyewe. Leo ndiyo unataka kuuona?"

"Basi nipe pasipoti yangu."

"Nikikupa hutarudi. Nenda kazini. Kila mtu hapa ana mama."

Alirudi kesho yake, na siku iliyofuata. Siku ya nne msimamizi alimwambia akipanda ngazi zile tena, kazi hana. Mama Pacha akanywea. Unga ukimwagika, pacha watakula nini?

Siku ya tano kaka alipiga tena.  Safari hii alilia tu. Kijiti alizima roli, jambo ambalo halikuruhusiwa, akamshika mwenzake asianguke juu ya moto.

Siku ya mazishi kaka aliinua simu juu ili dada yake aone. Mama Pacha aliona migongo ya watu. Aliona udongo mwekundu. Kisha picha ikaganda. Iliporudi, pacha mmoja alikuwa ameshika simu.

"Mama, mbona hukuja? Bibi alikuwa anakusubiri."



Baada ya hapo Mama Pacha aliishi tu kwa kuwa pumzi inaingia na kutoka. Aliingiza mashuka kimya. Kijiti alijaribu mizaha yake yote, ikaangukia patupu. Wiki ya pili, adhuhuri, Mama Pacha aliingia chumbani walimolala wafanyakazi, akaweka nguo zake kwenye mfuko, akaelekea mlango wa nyuma, unakopita mzigo. Hapo ndipo alipokuwa fundi wa boila, mtambo wa kuchemshia maji ya mvuke, mtu mzima wa kwao, mwenye miaka kumi na mmoja katika nchi ile.

"Unakwenda wapi na mfuko huo, binti yangu?"

"Popote."

"Bila pasipoti?"

"Ya nini tena? Nilikuwa naitaka kwa ajili ya mama."

Fundi alivua glavu. "Keti kwanza. Ukitoka hivi, jioni msimamizi ataripoti kwamba umetoroka kazini. Kosa litakuwa lako. Utakamatwa wewe, si yeye. Utarudishwa nyumbani kama mhalifu."

"Yeye ana kosa gani? Mkataba ndivyo ulivyo."

"Umeusoma?"

Mama Pacha alitua mfuko chini.

"Basi nisikilize," fundi alisema. "Pasipoti ni yako. Sheria ya hapa haimruhusu mwajiri kukushikia. Mkataba nao ni wa watu wawili, wewe na yeye. Una haki ya kuwa na nakala, na ya kusomewa kwa lugha unayoielewa. Akikunyima, ipo ofisi ya kazi ya serikali. Wanasikiliza hata wageni. Wana mkalimani. Wakikuzungusha, nenda ubalozi wetu."

"Wewe ulikuwa unayajua haya?"

"Nilikuwa nayajua."

"Na hukusema?"

Fundi alitazama mabomba yake. "Sikujua kama mama anaumwa. Nyie mko kwenye pasi, mimi niko huku. Lakini pasipoti zinakusanywa naona, miaka yote. Niliogopa kibarua changu, nikafunga mdomo. Nisamehe, binti yangu."

Mama Pacha hakusema amesamehe. Alirudisha mfuko chumbani.

Siku ya mapumziko walikwenda ofisi ya kazi watatu: yeye, Kijiti na fundi. Walikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa saba. Ofisa alikuwa mwanamke mwenye miwani. Mkalimani alikuwa kwenye simu, sauti yake ikisikika mezani. Ofisa aliuliza tarehe. Ulifika lini? Pasipoti ilichukuliwa lini? Uliomba likizo mara ngapi, na nani alisikia? Kijiti alisema yeye alisikia, siku mbili alimfuata juu akasimama mlangoni pa msimamizi.

Ofisi ile ilikuwa na nakala ya mkataba wa kila mfanyakazi mgeni. Ofisa alichapisha kurasa zote sita. Mkalimani akasomewa, naye akaeleza. Walipofika ukurasa wa nne alisema hivi: "Mfanyakazi akifiwa au akiuguliwa sana na mzazi, mume, mke au mtoto, atapewa likizo ya dharura ya siku kumi. Hata kama hajatimiza miaka miwili."

"Arudie," Mama Pacha alisema.

Mkalimani alirudia.

"Hayo yameandikwa lini?"

"Tangu siku uliyosaini, dada."

Mama Pacha alivuta karatasi karibu. Aliweka kidole kwenye mstari ule, ingawa hakuweza kuusoma. "Siku kumi," alisema. "Mama alinisubiri siku tano."

Ofisa alivua miwani. 

Wiki ile wakaguzi wawili walifika kiwandani. Msimamizi alifungua kabati la chuma. Ndani yake mlikuwa na pasipoti thelathini na moja. Kila mmoja alipokea yake na kuweka saini. Kampuni ilipewa onyo kwa maandishi, ikaamriwa kumpa kila mfanyakazi nakala ya mkataba katika lugha yake. Mama Pacha naye alipewa zile siku zake.

Alikwenda nyumbani. Kaburi lilikuwa limeanza kuota majani. Pacha mmoja alimkumbatia. Mwingine alimkwepa siku mbili nzima, akilala na shati la bibi yake. Siku ya kumi na moja Mama Pacha alirudi kazini, kwa kuwa watoto walihitaji kula, na pengine pa kuwalishia hapakuwepo. Safari hii pasipoti ilikuwa ndani ya nguo zake, na nakala ya mkataba ilibaki kwa kaka.

Sheria za nchi hazifanani. Siku kumi za huko huenda zisiwepo kwingine. Ndiyo maana ni lazima kila mtu aujue mkataba wake mwenyewe. Wafanyakazi wapya walipofika, Mama Pacha aliwakalisha kitandani akawauliza mikataba yao. Wasiokuwa nayo aliwapeleka kuidai. Waliokuwa nayo walisoma ukurasa mmoja mmoja, kwa sauti.

Miezi mitatu baadaye baba yake Kijiti alianguka bafuni. Kijiti alipata habari asubuhi. Alipanda ngazi akiwa na ukurasa wa nne mkononi. Msimamizi alisoma, akakohoa, akasaini. Kesho yake Kijiti alikuwa kwenye ndege.

Siku iliyofuata simu ya Mama Pacha iliita kazini. Aliipokea huku shuka likiwa mkononi.

"Nimemkuta," Kijiti alisema. "Hawezi kukaa, lakini anaongea. Ananigombeza eti nimekonda."

Mama Pacha alicheka. Tangu msiba alikuwa hajacheka. Kisha machozi yakamtoka, akajifuta uso kwa shuka la hoteli, na shuka lile likabidi lifuliwe upya.