Bangili za Maimunah na Sarafu ya Mji Uliozingirwa

Watu wa Kisugu, nisikilizeni, maana mmezoea kusahau.

Jumatano ile nyumba ya Jafar ilikuwa na raha. Maimunah, mkewe, alikuwa uani na majirani, wakichambua mchele wa harusi ya binti yao Zulaikha.

"Bwana harusi anakula kama mashine ya kusaga," mmoja akatania. "Ongezeni gunia!"

Maimunah akaingia ndani kuchukua bangili za fedha azisafishe. Mwaka 1979, sisi Wanubi tulipofukuzwa nchini baada ya vita, mama yake alizivusha mpakani akiwa amezificha ndani ya unga. Jumamosi, siku ya harusi, zingevaliwa na Zulaikha. Akafungua sanduku: bangili hakuna. Palikuwa na kipande cha fedha cha pembe nne, cheusi, chenye herufi zilizogongwa.

"Baba Zulaikha! Bangili ziko wapi?"

Jafar akatazama chini. "Nimebadilishana na Katembo."

Ugonjwa wa Jafar ulikuwa sarafu za miji iliyozingirwa. Watu wa huko mbali, adui akiwa langoni, walikata sahani zao za fedha wakazigonga ziwe sarafu za kulipa askari. Miaka kumi alizikusanya. Mkewe akiuliza habari zake, jibu lilikuwa moja: "Wewe utaelewa nini?"

Machozi ya Maimunah yalimtoa Jafar nyumbani mbio hadi Kabalagala, kwenye duka la vitu vya zamani la Katembo. Bangili zilikuwa bado zipo.

"Papa, niletee sarafu vile nilikupatia," Katembo akasema, "utabeba bangili zako."

Jafar akampigia mkewe simu. "Amekubali! Itoe sandukuni, nakuja."

Maimunah akaitoa. Akaona aibu. Hakuna mwanamke wa Kinubi anayerudisha chombo cha mtu kikiwa kichafu. Akachukua majivu na ndimu, akaisugua kama alivyofundishwa na mama yake, mpaka ikang'aa.

Jafar alipoiona alishika kichwa. Akaipeleka hivyo hivyo. Katembo akaigeuza chini ya kioo chake cha kukuzia, akaguna.

"Nani alisugua hii? Ule weusi ndio ulikuwa umri wake. Sasa watu wataniambia imetengenezwa jana. Hapana, papa."

Jafar akarudi na mikono mitupu. "Umeniua, mwanamke!"

"Miaka kumi, Jafar," Maimunah akasema polepole, bila kumwita tena kwa jina la mtoto. "Siku gani uliniambia haisuguliwi?"

Jafar akairudisha sarafu sandukuni.

Majirani walileta bangili za kuazima, Zulaikha akazikataa. Jumamosi alitoka kwao mikono mitupu, na mama yake hakupiga kigelegele. Mwezi uliofuata bangili zilinunuliwa na msafiri, zikaenda tusikokujua.

Nami niseme langu. Nilimwona Jafar akiingia kwa Katembo na bangili zile, nikazitambua. Mimi ninayewafokea madiwani kwenye kila mkutano, siku ile nilisema hayo ni mambo ya mtu na mkewe.

FUNZO

Mwanamume, ukimficha mkeo elimu ya kitu, usimlaumu kwa kutokijua. Na urithi wa mama mkwe si mali yako ya kubadilishana. Wale wa miji ile walikata sahani zao ili watoto waishi. Jafar alimvua mwanawe bangili bila adui yeyote mlangoni. Alikariri kuzingirwa kwa watu wa mbali, akasahau kule kufukuzwa kwetu sisi. Na jirani uliyeona ukanyamaza, usije kwangu kumsema Jafar. Tukae wote kimya, tuone haya.