Betri Zilizolowa Juani

Saa tisa alasiri, jua likiwaka kama limetumwa, Pazi alishusha ungo kutoka juu ya paa akakuta betri zote sita zimelowa. Mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi wa tano. Alizianika mwenyewe asubuhi, kama afanyavyo kila Jumapili ili zipate nguvu ya kumaliza mchezo wa redio, na sasa zilikuwa za baridi, zinanuka tope la kisimani. Akazifuta kwa shati. Akajisemea kuna mtoto kazichezea, akazipachika kwenye redio ya kijiji.

Lakini harufu ile aliijua. Aliijua vizuri sana, mwanaharamu yule.

Siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho wa mchezo. Kile kilikuwa kijiji kipya cha ujamaa, barabara ya kwenda Mtama, watu wamehamishwa kutoka mahame, vijiji vyao vya zamani, wakapangwa kwa mistari, na kwa wiki kumi na tatu wote walikuwa wakimfuata redioni Inspekta akimsaka muuaji wa tajiri mmoja wa mjini. Hata waliogombania majembe Jumamosi, Jumapili walikaa mkeka mmoja. Na ulikwishaje? Muuaji, rafiki kipenzi wa marehemu, alilia machozi mbele ya Inspekta. Inspekta akakosa ushahidi, akafunga faili. Muuaji akamwoa mjane, muziki ukapigwa, basi.

Watu walikasirika kweli. Mzee mmoja alidai arudishiwe Jumapili zake kumi na tatu.

"Mwisho gani huu?" akasema Mboni, kwa sauti ya chini. "Na yule aliyekufa? Yeye hana mtu?"

Pazi, aliyeketi karibu na redio, akamgeukia. "Shemeji, faili likifungwa limefungwa. Waliobaki waendelee na maisha. Mimi naona umeisha vizuri."

Kijiji kizima ni yeye peke yake aliyeupenda mwisho ule, na sababu alikuwa nayo. Mboni alikuwa mjane wa rafiki yake, Likwata. Mwaka uliopita, siku ya kuhama, Pazi alirudi kutoka mahame ya kwa Likwata na shati la rafiki yake lililochanika, limejaa damu, akasema simba kamchukua. Alilia mpaka akashikwa mikono. Watu wakasoma hitima bila maiti. Eda ikaisha, miezi ikapita, na Ijumaa inayokuja Pazi alikuwa anamwoa Mboni.

Simba hakuwapo. Damu ilikuwa ya kuku. Likwata alivua shati, akainama kuvuta ndoo kwenye kisima alichochimba babu yake, na Pazi, aliyemtamani Mboni kwa miaka saba, akamchoma kisu mgongoni akamsukuma. Likwata akiteleza ukingoni alinyoosha mkono. "Pazi, nishike mkono," alisema. Hakujua bado ni nani aliyemchoma. Kisu kikaenda naye.

Sasa Pazi akageuza kitufe azime redio. Kitufe kikalia, muziki ukaendelea, kisha muziki nao ukazama, ikabaki sauti ya kamba ikikwaruza gogo, kwaru, kwaru, na ndoo ikigonga mawe kwa mbali, na matone, na Pazi akafungua kifuniko akazitoa betri moja moja huku maji meusi yakimchuruzika mpaka kwenye viwiko, na betri zote zilipokuwa zimelala mkekani mbele ya macho ya watu, redio ikavuta pumzi.

"Nani kanitupia maiti nyumbani kwangu?" ikauliza.

Mkeka ulibaki mtupu. Viatu vya watu vilibaki palepale.

Kesho yake asubuhi lori la korosho likamleta Bi Moza kutoka Rasbura, fundi wa kupunga majini.

"Shikamoo, Bi Moza," Mboni akamnong'oneza mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Kampanda nani?"

"Hakumpanda mtu. Kapanda redio."

Bi Moza alikuwa amepunga majini miaka arobaini, lakini ya kwenye redio hakuwahi kuisikia. Hata hivyo akaifunika kwa kaniki, akafukiza ubani, akaibembeleza. "Bwana mkubwa, unataka nini? Mbuzi? Halua? Marashi?"

"Sitaki chakula chenu. Nataka kisima cha kwa Likwata kisafishwe. Asiposhuka mtu leo, Ijumaa nakuja harusini, na kila atakayekula ubwabwa atakunywa maji yangu."

Watu wakatazamana. Kisima kile kilijulikana kina mwenyewe, jini wake. Kila mwaka Likwata alikimwagia unga, na walipohamishwa hakuna aliyekumbuka kumuaga.

"Nitashuka mimi," Pazi akasema.

Wakamsifu. Wangejua! Akishuka mwingine ataona kisu, na mpini wake wa pembe kila mtu aliujua. Ashuke yeye, akifiche, atoe mifupa, aseme simba alimtumbukiza. Harusi itakuwepo.

Adhuhuri wakaenda mahame, wakamshusha kwa kamba. Chini maji yalikuwa yamekauka, limebaki tope linalomfika magotini, na harufu ile ile. Likwata alikuwa pale, ameegemea ukuta, mifupa mitupu. Pazi akakichomoa kisu kwenye mbavu akakichomeka kiunoni, akakibana kwa mkanda. Akakusanya mifupa kwenye shuka, akaifunga kamba.

"Vuteni!"

Furushi likapanda. Alilisikia likifunguliwa juu.

Akashika kiuno. Mkanda ulikuwepo. Kisu hakikuwepo.

"Kisu hiki," ikasema sauti ya Mboni huko juu, polepole, "si cha Pazi?"

"Ni chake," mtu akajibu.

"Shemeji," Pazi akaita, "nishushieni kamba. Nikifika nitaeleza."

"Mshushieni kamba, apelekwe polisi Lindi," Bi Moza akasema. "Ana mahakama yake."

"Polisi wa kukosa ushahidi?" Mboni akauliza. Uso wake ukatokea kwenye duara la mwanga. Alikuwa anaikunja kamba mkononi, duru baada ya duru, kama mtu anayemaliza kazi ya siku. Hakulia. Alikuwa amelia mwaka mzima pamoja na muuaji, sasa ilimtosha. "Pazi, umesema mwenyewe. Faili likifungwa limefungwa."

Uso ukaondoka. Pazi akazisikia nyayo zikienda, za mtu mmoja, kisha za wengi. Akaita majina yao yote, hata ya watoto. Tope lilikuwa limefika kiunoni, nalo halikuwa tope tena, yalikuwa maji, ya baridi, yanapanda bila sauti. Nyuma ya sikio lake kitu kikavuta pumzi, na mkono uliolowa ukapita begani mwake taratibu, kiganja wazi.

"Pazi," ikasema sauti ya Likwata, "nishike mkono."